Mtu Aliyezidiwa na Moyo Wake: Tumdai Nini?



Katika kila kijiji cha ufuko wetu wa Ziwa Nyasa, na katika kila kijiji cha milimani Umatengo, yupo mtu ambaye majirani humjua kwa moyo wake kuliko kwa jina lake. Akikasirika huwaka kama majani makavu. Akihuzunika hulala siku tatu bila kula. Akiona haya hujificha hata ndugu zake wasimwone. Jambo lililompita mwenzake kama upepo mwepesi, yeye humwangusha chini. Baadaye hujuta, huomba radhi, hulia machozi ya kweli. Na mwezi ukipita mambo yale yale hurudi. Pengine mtu huyo ni mvuvi, pengine ni mama wa watoto sita, pengine ni kijana wa shule. Pengine ni wewe unayesoma ukurasa huu.

Swali ambalo nataka tulifikiri pamoja ni hili: mtu wa namna hii tumdai nini? Je, ana hatia kwa sababu ya moyo wake? Tumpokee jinsi alivyo, au tumtake abadilike? Swali hili si la wasomi peke yao. Kwa jibu lake ndoa husimama au huvunjika, watoto hukua kwa amani au kwa hofu, na wako wengine ambao kwa jibu hilo huishi au hufa.

MAJIBU MATATU YA BARAZANI

Tuchukue mfano. Kijana mmoja amekwenda ziwani usiku, naye alfajiri amekuta nyavu zake zimekatwa. Hajui ni nani aliyezikata. Amefika nyumbani mikono mitupu, na mkewe, ambaye hajui habari hiyo, anamwuliza fedha ya unga. Kijana anampiga, anavunja vyombo, na watoto wanakimbilia kwa jirani. Usiku ule anasema kwamba ingekuwa heri asingezaliwa, kisha anatoka peke yake gizani. Watu wanamtafuta na kumrudisha. Asubuhi wazee wanakaa kitako.

Mzee wa kwanza asema: "Huyu hana adabu. Apewe adhabu, ndipo atajifunza." Mzee wa pili asema: "Ndivyo alivyozaliwa. Babu yake alikuwa hivyo hivyo. Mvumilieni tu." Mzee wa tatu asema: "Huyu si yeye. Kuna kitu kimemwingia, kitolewe."

Majibu yote matatu twayajua, na kila moja lina kweli ndani yake. Mzee wa kwanza amekumbuka kwamba mke ameumizwa, na kuumizwa kwake si jambo la kufunika. Lakini kijana huyu amekwisha adhibiwa mara ngapi? Adhabu humwambia mtu asifanye nini. Haimwambii afanye nini saa ile moyo unapochemka na mkono umekwisha inuka. Mzee wa pili naye amesema kweli, kwa kuwa watu hawazaliwi na mioyo iliyo sawa. Yuko mtoto anayeanguka na kuinuka akicheka, na yuko ndugu yake wa tumbo moja anayelia hadi jioni. Lakini jibu lake linamwacha mke katika mapigo na kijana katika giza lake. Mzee wa tatu ameona vema kwamba mtu aliyezidiwa hujiona kama si yeye. Lakini akiisha kusema hivyo, amemwondolea kijana kazi yote. Si kusudi langu kupunguza thamani ya maombi. Hata hivyo aliyeombewa jioni huamka asubuhi katika nyumba ile ile, pamoja na watu wale wale, na hana budi kujua atakwendaje.

Liko jibu la nne. Limetoka kwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa amezidiwa.

MWANAMKE ALIYERUDI KUWATOA WENGINE

Mama Marsha Linehan alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Tulsa, Marekani. Mwaka 1961, alipokuwa msichana wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akiuumiza mwili wake mwenyewe, naye alitamani kufa. Madaktari wa siku zile walijaribu walichokijua: dawa, umeme wa kichwani, na kumfungia katika chumba cha peke yake. Hakupata nafuu. Katika shida hiyo aliweka nadhiri mbele za Mungu kwamba, kama akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine.

Alitoka. Alifanya kazi, akasoma masomo ya usiku, na mwaka 1967, akiwa anasali katika kanisa dogo mjini Chicago, alijiona kwa mara ya kwanza kwamba anapendwa, na kwamba yeye naye aweza kujipenda. Alipata shahada ya udaktari wa saikolojia mwaka 1971, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Kwa miaka mingi watu walimjua kama mtaalamu tu. Mwaka 2011 alisimama mbele ya watu katika hospitali ile ile aliyolazwa ujanani, akawaeleza habari zake zote.

Kazi aliyoifanya ni tiba ambayo katika vitabu huitwa tiba ya tabia ya dialektika. Jina hilo lisitutishe. Neno dialektika laeleza mambo mawili yanayotazamana kama yanapingana, na huku yote mawili ni kweli, na mtu asiyataka yote mawili hawezi kufika. Mama Linehan alilipata jina hili kwa kushindwa kwanza. Alipoanza kutibu watu waliotaka kufa, aliwafundisha jinsi ya kubadilika. Wakamkasirikia. Walisikia kana kwamba anawaambia, "Shida ni ninyi wenyewe." Basi akaacha, akawa anawasikiliza tu na kuwapokea. Wakamkasirikia tena. Walisikia kana kwamba anawaambia, "Mateso yenu hayana dawa, yavumilieni." Ndipo alipotambua kwamba maneno mawili lazima yasemwe pamoja, na mtu mmoja, kwa mtu mmoja, katika saa moja: "Nakupokea jinsi ulivyo, na yakupasa kubadilika."

Sisi tusione jambo hili kuwa geni. Yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana wetu ili apigwe mawe, ambaye habari zake zimo katika Injili ya Yohana sura ya 8, alisikia maneno mawili. La kwanza lilikuwa kwamba hahukumiwi. La pili lilikuwa kwamba aende na aache dhambi. Liondoe la kwanza, na mwanamke amekufa. Liondoe la pili, na amerudi alikotoka.

Wala si katika Biblia tu. Tazameni desturi yetu ya matanga. Aliyefiwa akilia, hakuna anayemwambia, "Nyamaza, wafu ni wengi." Watu hukaa naye chini, hulala katika ua wake, hupika, huchota maji. Hupokelewa pamoja na kilio chake. Lakini iko siku matanga huanuliwa. Siku hiyo huambiwa kwa upole kwamba sasa jembe lamngoja. Wazee wetu hawakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Walijua kwamba asiyeachiwa kulia hawezi kuinuka, na asiyeinuliwa atalia mpaka aangamie.

CHANZO CHA MOYO USIOSHIKIKA

Mama Linehan alieleza kwamba mambo mawili yakikutana huzaa moyo usioshikika. La kwanza ni umbile: mtu amezaliwa mwepesi wa kuguswa, na akiguswa hukawia kutulia. La pili ni malezi yanayomkanusha. Mtoto asema anaogopa, aambiwa, "Huogopi, unajidekeza." Asema ameumia, aambiwa, "Mwanamume halii." Akisema kwa sauti ndogo hakuna anayemsikia, akipiga kelele na kuvunja kitu, ndipo wote wanageuka. Basi mtoto huyo amejifunza mambo mawili mabaya: asiamini anachokisikia moyoni mwake, na asitegemee kusikilizwa mpaka moto uwake.

Wazazi tujiulize hapo. Wengi wetu hatukufanya hivyo kwa ubaya. Tulilelewa hivyo, nasi tukalea hivyo. Lakini yafaa tuone kwamba kijana yule wa nyavu hakuanza juzi. Huenda hata siku moja hakuna mtu aliyekaa naye akamwonyesha hasira ni nini, inatoka wapi, na mtu mzima huipitisha namna gani. Tulimfundisha kushona nyavu. Tulimfundisha kusoma upepo, ajue siku ya kutoka na siku ya kuuacha mtumbwi mchangani. Habari za moyo tulimwachia aokote njiani.

UFUNDI MNNE

Kwa hiyo tiba hii, zaidi ya mazungumzo ya mgonjwa na daktari wake, ina darasa. Watu hukaa pamoja, hufundishwa, hupewa kazi ya kufanya nyumbani, na wiki inayofuata huulizwa wamefanyaje. Yanayofundishwa ni mambo manne.

La kwanza ni kuangalia. Mtu hujizoeza kukiona kinachopita moyoni mwake na kukitaja kwa jina, bila kukifukuza na bila kukifuata: "Hii ni hasira. Chini yake pana hofu. Kifua kimebana." Mama Linehan alisema kwamba mtu ana akili za namna tatu. Iko akili ya hisia, inayoona moto tu. Iko akili ya hoja, inayohesabu bila kujali. Na mahali hizo mbili zinapokutana pana akili ya hekima, ambayo kila mtu anayo, hata yule anayedhani hana.

La pili ni kuivuka saa mbaya bila kuiongezea ubaya. Hisia kali hupanda kama wimbi, na wimbi lisipochochewa hushuka. Aliyezidiwa hadhani kwamba litashuka. Ndiyo sababu hufanya jambo la kuharibu ili alikatishe. Hapo afundishwa njia za kungoja. Mojawapo ni ya maji. Mtu azuie pumzi na kutia uso wake katika beseni la maji baridi kwa muda mfupi; moyo hupunguza mwendo wake, kama unavyofanya mtu anapopiga mbizi. Si uchawi, ni jinsi mwili ulivyoumbwa. (Mwenye ugonjwa wa moyo aulize mganga kwanza.) Nyingine ni kutoa pumzi polepole, polepole kuliko alivyoivuta, mara nyingi. Nyingine ni kuondoka mahali pale, kwenda kwa mtu anayemwamini, na kuviweka mbali vitu vinavyoweza kumdhuru.

La tatu ni kuutunza moyo na kuugeuza. Hapa pana somo la kuuliza hasira yangu inalingana na mambo yalivyo au inalingana na ninavyodhani. Majirani zetu wa Liuli wana kisa kinachofaa. Mwezi wa Agosti 1914, meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli kwa matengenezo. Ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa nahodha wa Kiingereza, Rhoades. Walikuwa wamezoea kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba Berndt aliruka katika mashua ndogo, akapiga makasia mpaka kwenye meli ya rafiki yake, akimfokea na kumwuliza kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa Ulaya. Alifanywa mfungwa papo hapo.

Watu hucheka wakisikia kisa hiki, lakini kina mafundisho. Hasira ya Berndt haikuwa ya kijinga. Kwa aliyojua yeye, rafiki yake alikuwa amefanya jambo la ajabu na la ubaya. Kosa lilikuwa katika habari aliyoikosa, na hasira ilimpeleka moja kwa moja mikononi mwa adui. Kijana wetu naye alimpiga mkewe kana kwamba swali la unga lilikuwa tusi, kumbe mama yule hakujua habari za nyavu. Mara nyingi moyo hautudanganyi kuhusu uchungu wake. Hutudanganya kuhusu nani aliyeuleta.

Na kama hasira hailingani na mambo yalivyo, mtu afundishwa kutenda kinyume chake. Hasira yamwambia asogee na kupaza sauti. Yeye arudi nyuma hatua mbili na kusema polepole. Haya yamwambia ajifiche. Yeye aje kanisani na kukaa na watu. Huzuni yamwambia alale; yeye ainuke akachote maji. Si unafiki. Mnafiki hujifanya hana hisia. Huyu anajua anayo, naye amekataa kuwa mtumwa wake.

Pamoja na hayo ni kuutunza mwili: kulala, kula, kutibiwa ugonjwa, kujiepusha na pombe. Wako wanaodharau jambo hili kana kwamba si la kiroho. Na wasome tena habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii alikuwa amechoka, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akala tena. Ndipo baadaye aliulizwa anafanya nini pale, na ndipo aliporudishwa kazini. Kwanza kupokelewa, kisha chakula, kisha swali, kisha kazi. Sijui kama tungeweza kupanga vizuri zaidi.

La nne ni kusema na watu: kuomba unachohitaji, kukataa usichoweza, bila kuvunja undugu na bila kujivunjia heshima. Kijana wetu angalisema hivi: "Mke wangu, nyavu zimekatwa. Nimekasirika, na nina hofu tutakula nini. Niache kidogo nikaoge, kisha tukae tulizungumze suala la unga." Ni maneno machache tu. Lakini asiyefundishwa hawezi kuyapata saa ile, kama vile asiyefundishwa kuogelea hawezi kujifunza akiwa amekwisha zama.

JE, HUKU NI KUHALALISHA UOVU?

Msomaji mmoja atauliza: "Mkisema tumpokee, si mmempa ruhusa?" Swali ni la haki, na wa kwanza kuliuliza ni mke aliyepigwa.

Kupokea si kusifu. Nikikubali kwamba mvua imebomoa nyumba yangu, sijasema kwamba mvua imefanya vema; nimeacha tu kushindana na jana, ili leo nianze kukata nguzo. Tiba hii haimwambii anayepigwa akubali kupigwa. Kinyume chake, yamfundisha kusema hapana. Mke yule ana haki ya kutoka katika nyumba ile, kwenda kwa wazazi, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa polisi. Na mtu wa kanisa asimrudishe kwa maneno ya uvumilivu. Kijana naye atadaiwa tendo lake. Kwa sisi tunaozijua taratibu za kitubio, jambo hili si gumu: anayeungama hupokelewa, naye hupewa malipizi, na aliyeiba hurudisha.

Lakini tofauti iko katika kinachodaiwa. Tukimdai mtu asisikie hasira, tumemdai kisichowezekana. Naye atajifunza kuificha mpaka siku itakapopasuka. Hisia kuja si dhambi. Hata Bwana wetu alikasirika Hekaluni na kulia kaburini kwa rafiki yake. Tunachoweza kumdai mtu ni atendalo baada ya hisia kuja. Na kama hata hilo halijui, tumdai ajifunze. Huyo ndiye mdaiwa wa haki: si yule aliyezaliwa na moyo mwepesi, bali yule aliyeonyeshwa njia akakataa kuipita.

Ushahidi upo. Mwaka 1991 Mama Linehan na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio ya mwaka mzima kwa wanawake zaidi ya 40 waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara. Nusu walipata tiba hii, nusu walipata matibabu ya kawaida ya mahali pao. Waliofundishwa walijidhuru mara chache zaidi, walikaa hospitali siku chache zaidi, na wachache zaidi waliacha matibabu. Lakini angalieni jambo moja: katika kipimo cha huzuni na cha kukata tamaa, makundi yale mawili hayakutofautiana. Yaani uchungu ulikuwa bado upo kwao wote. Kilichobadilika ni kwamba wale waliofundishwa waliweza kuubeba bila kujiangamiza. Kwangu mimi habari hiyo ina uzito kuliko kama wangesema kwamba machozi yote yalikauka.

Na kwa yule aliyejaribu kujiua, tuwe waangalifu zaidi. Zamani za ukoloni sheria iliyoletwa kutoka Uingereza ilimhesabu kuwa mhalifu, na watu wengi wa kanisa walimhesabu hivyo hivyo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumwadhibu mtu kwa kosa hilo ni kinyume cha Katiba ya nchi ile. Nadhani Mahakama ile iliona jambo ambalo Mkristo angepaswa kuliona mapema: mtu aliyetolewa majini hahitaji viboko, ahitaji kukaushwa, na kisha kufundishwa kuogelea.

NANI ATAFUNDISHA?

Hapo ndipo penye ugumu. Tiba ya Mama Linehan yataka wataalamu waliosomea, na sisi wa Lundo tuko mbali na wataalamu hao. Kwetu jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, watu hulitumia kwa utani na matusi, hata mgonjwa huona haya kutaja kwamba anahitaji msaada. Utani huo tuuache.

Lakini tusiseme kwamba hakuna linalowezekana. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, vijiji 30 vilishiriki katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2003. Katika nusu ya vijiji hivyo watu wenye huzuni ya ugonjwa walikutana kwa vikundi wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wa kule kule waliopewa mafunzo mafupi. Walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji vingine. Kaskazini mwa Uganda, katika makao ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake karibu 700 kutoka Sudan Kusini waliingia katika majaribio mengine, yaliyotangazwa mwaka 2020. Waliopewa mafunzo walikutana mara tano tu, wakasikiliza masomo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, na kitabu cha picha mikononi. Masomo yalihusu kuziona hisia bila kuvutwa nazo, kutulia, na kutenda lililo jema huku uchungu ungalipo. Walioongoza hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye wanawake waliofundishwa walikuwa na afadhali kuliko wenzao. Mafunzo hayo si tiba ile ile ya Mama Linehan, lakini ni jamaa zake.

Kama wakimbizi waliopoteza nyumba na ndugu waliweza kukaa chini ya kivuli na kufundishana, parokia itashindwaje? Tunao Umoja wa Mama. Tunao wazee wa kanisa, makatekista, walimu, vijana wa kwaya. Si lazima tujiite waganga. Yatosha kuanza na mambo madogo. Mzazi asimkanushe mtoto anaposema ameumia. Amsikilize kwanza, kisha amwonyeshe la kufanya. Wazee wanaposuluhisha ugomvi wasiishie katika faini, wamwulize aliyekosa, "Saa ile itakaporudi, na itarudi, utafanyaje? Tuonyeshe." Rafiki akisikia mwenzake anasema amechoka kuishi, asicheke wala asikemee. Amwulize waziwazi kama anafikiri kujiua, akae naye, asimwache peke yake, na kumpeleka zahanati au hospitali yetu ya Mtakatifu Anna, Liuli. Kumwuliza hakumtii wazo asilokuwa nalo. Mara nyingi humfungulia mlango.

MVUA NA NGORO

Ndugu zetu Wamatengo walima katika miteremko mikali, ambako mvua kubwa ingaliweza kuchukua udongo wote hadi bondeni. Hawakuweza kuizuia mvua, wala hawakuuhama mlima. Waliweka ngoro. Wanaume hukata majani na kuyapanga kwa miraba. Wanawake huchimba katikati na kuyafunika majani kwa udongo. Juu ya kingo wakapanda maharagwe, na baadaye mahindi. Mvua ikija, maji hukaa katika mashimo na kuzama polepole. Maji yale yale ambayo yangeharibu shamba ndiyo yanayolisha mazao.

Moyo mwepesi kuguswa ni mteremko mkali. Aliyezaliwa nao hakuuchagua, na mvua ya maisha haitakoma kwa ajili yake. Mtu wa namna hiyo akifundishwa, mara nyingi huwa ndiye wa kwanza kuona jirani amehuzunika, ndiye aimbaye kwa machozi ya kweli, ndiye ashindwaye kuvumilia dhuluma anapoiona.

Lakini angalieni: hakuna mtoto wa Kimatengo aliyezaliwa anajua kuchimba ngoro. Alionyeshwa na baba na mama yake, nao walionyeshwa na wazee wao. Basi jibu langu ni hili. Mtu aliyezidiwa na moyo wake tumdai ajifunze, na tusimwachilie deni hilo, kwa kuwa kumwachilia ni kumkatia tamaa. Naye ana haki ya kutudai sisi: kwamba tumpokee kabla hajajua, na kwamba tuwe tayari kumfundisha. Ufundi ambao hakuna aliyemfundisha, hatuwezi kumpigia mtu kwa kuukosa.